Chuma Kilichotiwa Majini

Eustace Ngollo alikuwa mhunzi, baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake vilevile. Babu huyo alifua majembe kule Usinge siku za misafara, na wapagazi waliyabeba hadi Tabora wakiyabadilisha njiani kwa chakula. Kwa hiyo, vita vya pili vya Wajerumani vilipokwisha na Eustace akaajiriwa mjini Tabora na kampuni moja ya kuchimba visima, hakuona kwamba ameingia kazi ya kigeni. Moto ulikuwa uleule na nyundo ileile, ila sasa alivaa viatu kazini.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza patasi za mtambo. Hizo si patasi za seremala. Kila moja ni pande la chuma refu kupita mtu, nene kama paja, linaloning'inizwa kwa kamba ya waya na kuangushwa shimoni kutwa kucha hadi mwamba utoboke. Ncha ikishabutuka, mhunzi huipasha moto, huifua mpaka irudie kipimo chake, kisha huizamisha majini ingali nyekundu ili ipate ugumu. Kwenye kuzamisha ndipo penye ufundi wote, na hapo Eustace alijulikana toka Tabora hadi Nzega.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na hilo lilikuwa na sababu yake. Mkewe Bernadeta alitoka kijiji cha Kigwa, na baba yake Bernadeta, Mzee Mahona, alikuwa ametamani kumwoza katekista. Siku ya harusi mzee alisema mbele ya watu, akicheka, kwamba binti yake anakwenda kufua masizi maisha yake yote. Watu walicheka pamoja naye. Eustace naye alicheka, lakini maneno yale aliyabeba miaka tisa.

Mwaka 1951 kampuni ilileta chuma kipya. Vilikuwa vipande sita vizito, miisho yake imepakwa rangi ya manjano, na msimamizi wa Kizungu alimwita Eustace karakanani avione. Msimamizi huyo mafundi walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula ya chuma mfukoni.

"Eustace, chuma hiki si kile ulichozoea," alisema. "Kimechanganywa na madini yanayoitwa molibdenamu."

"Moli nini, Bwana?"

"Molibdenamu. Haya, sema moli, inatosha."

"Yamo mengi?"

"Kidogo kuliko chumvi kwenye mchuzi. Katika ratili elfu za chuma, ratili mbili au tatu. Lakini sikiliza. Chuma cha zamani ukikitia majini kinapata ugumu nje tu, kama ganda la mkate. Hiki kinakuwa kigumu mpaka moyoni, hata kikipoa polepole. Kikipata joto hakilegei upesi, na kikigongwa hakivunjiki ovyo. Wakati wa vita walikitumia kwenye mizinga na kwenye mabomba ya kiunzi cha ndege. Ekseli ya lori letu lile pale ina moli ndani yake."

Eustace alikigonga kile chuma kwa kucha, akakisikiliza. Alipenda mlio wake.

"Sasa, kwa kuwa hakihitaji kupoa haraka, usikitie majini kamwe," Bwana Kipimo aliendelea. "Maji yatakivuta ghafla mno. Nje kitakaza wakati ndani bado kimoto, nacho kitapasuka. Mafuta, Eustace. Sema."

"Mafuta, si maji, Bwana."

Na kwa miezi mitatu alifanya hivyohivyo. Aliona kwa macho yake kwamba Mzungu hakudanganya. Patasi ya zamani ilikuwa ikibutuka baada ya futi chache za mwamba wa Tabora, lakini hii ya moli iliingia shimoni asubuhi na kutoka alasiri ikiwa bado na meno. Selemani bin Yahaya, mkuu wa mtambo, aliifurahia kama mtu aliyenunua ng'ombe.

"Ndugu yangu," alimwambia Eustace, "ukinipikia chuma hivi mwaka mzima, nitachimba mpaka nitokee upande wa pili."

Selemani alikuwa mtu wa Cheyo, mtaa wa hapo Tabora, mpole, mwenye mkono ambao mafundi wengine waliuhusudu. Aliweza kushika kamba ya waya kwa kiganja na kukuambia kama futi mia chini kuna udongo au jiwe. Wake zao walitembeleana. Kila Idi, Tufaha mkewe Selemani alipeleka kwa Bernadeta sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa, na kila Krismasi Bernadeta alipeleka kwake maandazi.

Jambo moja tu Eustace hakulipenda katika kazi ile mpya. Mafuta hayana kishindo. Chuma kikiingia kwenye pipa la mafuta kinanung'unika kidogo, moshi mchafu unatoka, basi. Hakuna mpita njia anayegeuza shingo.

Mwezi wa tisa walipelekwa Kigwa. Kisima cha zamani kilichokuwa kikinywesha misafara kilikuwa kimebaki tope, na wanawake walikuwa wakitembea hadi mbugani, wakienda alfajiri na kurudi jua la utosini. Mtambo ulisimamishwa karibu na kanisa. Mzee Mahona alileta kigoda chake siku ya kwanza, akakiweka kivulini mwa lori, na toka hapo hakukosa hata siku moja. Alikuja na wazee wenzake, wakatazama kazi ya mkwe wake kama watu wanaotazama ng'ombe wa mahari.

Walipofika futi mia na arobaini, patasi ilibutuka. Eustace alikoka moto. Vibarua wawili wa palepale Kigwa, wenye nyundo kubwa, walipiga kwa zamu, naye akiwaongoza kwa nyundo yake ndogo, na ncha ikarudi kipimo chake sawasawa. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kufikia wakati huo, kwa kuwa mlio wa nyundo uliita watu kama kengele. Aliipasha moto mara ya mwisho, ikawa nyekundu ya kuiva, ikainuliwa kwa mnyororo. Eustace akaanza kuisukuma kuelekea pipa la mafuta.

"Ala!" alisema Mzee Mahona kwa sauti. "Mkwe wangu anakaanga chuma?"

Watu wakaangua kicheko.

"Baba, ndivyo kinavyotakiwa," Eustace alisema.

"Kwetu chuma kilitiwa maji kikanguruma, hata fisi akahama. Huyu anakikaanga kama andazi! Bernadeta amekufundisha nini huko Tabora?"

Walicheka tena, na wanawake waliokuwa nyuma wakacheka kuliko wote. Pipa la maji lilikuwa palepale, hatua tatu mkono wa kushoto, la kupozea koleo. Eustace alisikia masikio yake yakiwaka. Wala hakufikiri sana. Alishika mnyororo, akauvuta kushoto, akawaambia vibarua, "Teremsheni."

Maji yalinguruma. Mvuke mweupe ulipanda juu ya paa la kanisa, watoto wakakimbia, wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Mahona akasimama kwenye kigoda chake na kupiga makofi. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza katika miaka tisa.

Katikati ya ngurumo ile Eustace alisikia kitu kingine. Ilikuwa sauti ndogo, tik, kama mtu amevunja kijiti. Tena aliihisi zaidi kuliko alivyoisikia, maana ilipanda kwa mnyororo ikamgusa kiganjani. Mhunzi yeyote anaijua sauti ile.

Patasi ilipotolewa aliipitishia kidole polepole, akijifanya anaipima. Juu kidogo ya ncha, upande usiotazamwa na watu, kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Aliufuta kwa kitambaa cha mafuta, na masizi yakauziba. Kisha aliipasha patasi moto mdogo wa mwisho, ule wa kukipunguzia chuma ukali, kama kawaida. Alijiambia kwamba huenda ni alama ya nyundo. Alijiambia kwamba chuma chenye moli ni kigumu, hakitashindwa na unywele. Alijiambia kwamba akiirudisha motoni sasa, baba mkwe atauliza kwa nini.

Asubuhi yake Selemani alikuja akifuta mikono. "Iko tayari?"

"Iko tayari," alisema Eustace.

Ilivunjika siku hiyohiyo, baada ya adhuhuri. Kamba ilirudi nyepesi, na patasi ilipotokeza juu nusu ya ncha yake haikuwapo. Ilibaki chini shimoni, pande gumu ambalo hakuna patasi ingeweza kulitoboa. Selemani alijaribu kuliopoa kwa kulabu siku nne mfululizo. Hakula sawasawa siku hizo, akaota vidonda viganjani. Siku ya nne alikaa chini karibu na shimo, akasema, "Limekwama. Shimo hili limekufa."

Lakini kabla ya siku ya nne Eustace alikuwa amekwisha fanya jambo jingine, baya kuliko la kwanza. Alikuwa amekitazama kile kipande kilichopanda juu. Pale kilipovunjika, sehemu kubwa iling'aa kijivu, chembechembe kama sukari guru iliyomegwa, lakini ukingoni kulikuwa na utepe wa rangi ya buluu na nyeusi, upana wa vidole viwili. Utepe ule ulikuwa unasema kila kitu. Ulisema kwamba pale palikuwa pamepasuka kabla, na kwamba ule moto mdogo wa mwisho uliingia ndani ya ufa na kuuchoma. Bwana Kipimo angeuona kabla hajavua kofia. Basi Eustace aliwasha makaa, akaiweka motoni ile sehemu iliyovunjika, mpaka yote ikawa na rangi moja.

Bwana Kipimo alipofika kutoka Tabora aliuliza, "Kwa nini umeipasha moto? Nilitaka kuiona ilivyovunjika."

"Nilitaka niitengeneze upya, Bwana. Kazi isilale."

Mzungu alimtazama, akamgeukia Selemani. "Uliongeza kimo cha kuangushia?"

Selemani angeweza kukana, kwa kuwa hakuna aliyepima. "Niliongeza kidogo, Bwana. Tulikuta mwamba. Ila mara nyingi nimeongeza zaidi ya hapo."

"Na mhunzi? Alizamisha kwenye mafuta?"

Eustace aliinama kuokota koleo. Ni Selemani aliyejibu. Yeye siku ile ya kuzamisha alikuwa stesheni kupokea kamba mpya, hakuona lolote.

"Eustace hana kosa, Bwana. Kazi yake naijua. Kama kuna kosa, litakuwa langu."

Wazee wa Kigwa na wale vibarua wawili walikuwa wamekaa hatua kumi kutoka hapo. Waliona mvuke ule wote, lakini hakuna aliyewauliza, wala wao hawakujua kwamba mvuke ni kosa. Selemani aliachishwa kazi wiki ile. Mtambo uling'olewa, ukapelekwa kwingine.

Yaliyofuata hayakuwa na kishindo, na pengine ndiyo maana yalimtesa. Selemani alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Cheyo, kando ya njia ambayo Eustace alikuwa akipita kwenda kazini. Eustace alianza kupita njia nyingine, ndefu zaidi. Siku moja tairi lilimpasukia hatua chache tu kutoka kibandani, akaikokota baiskeli hadi nyumbani chini ya jua, huku akiinamisha kichwa asionekane. Alionekana. Selemani alimwita kwa jina mara mbili. Eustace hakugeuka.

Idi ilipofika, sahani ya pilau ililetwa kama kila mwaka.

"Mbona huli?" Bernadeta aliuliza.

"Tumbo."

"Toka Kigwa una tumbo," mkewe alisema, akaifunika sahani.

Alikwenda kuungama. Alimwambia padri, "Nimesema uongo," na padri akauliza mara ngapi, naye akajibu, "Mara moja mbili." Akapewa sala za kusali, akazisali, akatoka kanisani akijiona amemdanganya na padri pia.

Alikumbuka maneno ya Selemani kuliko kitu kingine chochote. Kama angelaumiwa na rafiki yake angeweza kujitetea, hata kwa uongo. Lakini alitetewa. Kila aliposhika koleo aliyasikia maneno yale, "Kazi yake naijua," na uso ukamwaka moto kana kwamba amesimama mbele ya tanuri.

Mwaka 1953, mwezi wa tano, kampuni ilirudi Kigwa. Walichimba hatua arobaini kutoka shimo la kwanza. Mkuu wa mtambo alikuwa mtu mpya. Eustace alizamisha kila patasi kwenye mafuta, na kijiji kikaja kutazama kama zamani.

"Safari hii mbona kimya?" aliuliza Mzee Mahona, akisikitika kidogo. "Tulileta watoto waone mvuke."

Eustace alirudi kwenye moto wake.

Patasi zile za moli zilishuka mwambani bila kulalamika, na kwa futi mia na tisini maji yalipatikana, baridi, yenye ladha ya mawe. Siku ya kufungua pampu Bwana Kipimo alikuwepo, na padri, na watu wengi sana. Wanawake walikuwa wametunga wimbo. Ulikuwa mzuri, wa kupokezana. Ulianza na maji, ukasifu mkwe wa Kigwa mwenye nyundo, kisha ukamfikia Selemani: Selemani wa Cheyo mkono mzito, aliyetuvunjia chuma, aliyetunyima maji, tukanywa na nyani mbugani. Watu walishika viuno kwa kucheka. Mzee Mahona akainuka, akamshika Eustace bega na kumvuta katikati.

"Huyu hapa!" alisema. "Nilimwita mtu wa masizi. Leo nafuta neno langu mbele yenu. Kuna waharibifu na kuna mafundi. Mwanangu, kunywa wewe kwanza."

Kata ililetwa imejaa. Eustace aliishika kwa mikono miwili, kisha akaiweka chini.

"Sitakunywa," alisema.

"Nini?"

"Msiimbe wimbo ule. Selemani hakuvunja chuma. Nilikivunja mimi."

Walidhani anafanya unyenyekevu. Kuna aliyepiga makofi. Ikabidi aseme tena, kwa sauti kubwa, na safari hii alisimulia yote: alivyoambiwa atumie mafuta, alivyochekwa, alivyovuta mnyororo upande wa maji ili wamshangilie. Alieleza ule unywele. Alieleza alivyokiweka chuma motoni kuficha rangi. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, na alimtazama Bwana Kipimo mara moja tu, akaona Mzungu amekunja mikono na anatazama chini.

Mzee Mahona aliachia bega lake. Hakumsukuma, aliliachia tu, akarudi kwenye kigoda chake akakaa na kutazama kwingine. Aliyesema ni mwanamke mmoja mtu mzima, Veneranda, aliyekuwa mbele na ndoo mbili.

"Uliisikia ilipopasuka?"

"Niliisikia, mama."

"Sauti gani?"

"Ndogo. Kama kuvunja kijiti."

Veneranda alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mwaka na miezi minane nimekwenda mbugani," alisema, "na mguu wangu huu." Kisha akaweka ndoo chini ya pampu, akaanza kupampu, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Hawakuimba tena.

Kesho yake Eustace alipanda treni kurudi Tabora, na toka stesheni alikwenda moja kwa moja Cheyo. Selemani alikuwa ameinamia gurudumu.

"Salamu alekum, Selemani."

"Alekum salamu. Leo umeiona njia?"

Eustace alisimulia akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti wala hakustahili kuomba. Selemani aliendelea kuzungusha gurudumu, kisha akaliacha lizunguke lenyewe hadi liliposimama.

"Unajua nilifanya nini muda wote huu?" aliuliza kwa upole. "Nilikuwa nautazama mkono huu. Nikilala, nikiamka. Nilijiuliza, nilihisi nini kwenye kamba siku ile nisielewe? Nilidhani mkono umekufa. Juzi jamaa walinitafutia kazi kwenye mtambo kule Nzega nikakataa. Niliogopa."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Usiniite hivyo leo." Alichukua spana, akairudisha chini. "Nimekusikia. Nenda. Siku nikiweza nitakuja mwenyewe kukwambia."

Bwana Kipimo alimwita Selemani, akamwomba radhi, na akamrudisha kwenye mtambo. Selemani alikubali, ila alisema hatakwenda kambi moja na Eustace. Eustace hakufukuzwa. Alitolewa kwenye patasi, akawekwa nyuma ya karakana kutengeneza boliti na bawaba, kazi ya mtu anayejifunza, naye alikuwa na miaka thelathini na minane. Bernadeta hakumgombeza. Alimwambia tu, "Ungeniambia mimi kwanza," na hilo nalo likawa na uzito wake. Kigwa walimpokea kama mkwe, wakampa kiti na chakula, lakini Mzee Mahona hakumtania tena mpaka alipokufa, na Eustace aligundua kwamba alikuwa akiukosa ule utani.

Wahunzi wapya walipoajiriwa, Bwana Kipimo aliwapeleka nyuma ya karakana ili Eustace awaeleze habari za moli. Aliwaeleza vizuri: kinachochanganywa, kwa kiasi gani, kwa nini mafuta. Mara ya kwanza mmoja wao, Hilari, kijana wa Ndala, aliuliza, "Na mtu akikitia majini, kweli kitapasuka?"

"Kitapasuka. Mimi nilikitia majini."

Hilari alicheka, akidhani mzee anamtania. Eustace aliweka nyundo chini, akangoja amalize kucheka, kisha akaanza kumsimulia toka mwanzo, uso ukimwaka.